Amplifaya ya gitaa ya wati 5: kazi iko kwenye ulazaji wa nyaya

Amplifaya yangu ya kwanza ya valvu, zile chupa za kioo zinazokuza sauti, ilipiga mluzi kabla sijachomeka gitaa. Nikaizima, nikaiwasha tena, mluzi uleule, mkali kama birika lililosahauliwa jikoni. Nilikuwa nimeijenga miezi minne, usiku baada ya kazi, na kila rizista niliipima mara mbili kabla ya kuilehemu. Siku mbili nzima nilibadilisha vipuri kimoja baada ya kingine. Siku ya tatu nikachukua kijiti cha mshikaki, nikausukuma waya mmoja wa kijani upana wa kidole mbali na waya wa transfoma ya spika. Mluzi ukakatika. Vile vipuri nilivyovitoa vilikuwa vizima vyote.

Ndipo nilipomwelewa Ken Fischer. Huyu alikuwa Mmarekani wa New Jersey, aliyefanya kazi kwenye kampuni ya amplifaya ya Ampeg miaka ya 1960, kisha miaka ya 1980 akaanza kutengeneza amplifaya zake mwenyewe, moja moja kwa mkono, akaziita Trainwreck. Badala ya namba, kila moja aliipa jina la mwanamke. Alifariki mwaka 2006 akiwa ametengeneza chache tu, na leo zinauzwa kwa maelfu mengi ya dola. Ukiitazama modeli yake ya Express kwenye karatasi utashangaa: valvu tatu za aina ya 12AX7, mbili za EL34, hakuna master volume (kitufe cha sauti ya jumla), hakuna mwangwi. Mchoro wake unajulikana miaka mingi. Hata hivyo wengi walioinakili walipata mluzi kama wangu, au sauti iliyokufa, kwa sababu mchoro hauonyeshi waya unapita wapi. Fischer alizilaza nyaya zake kwa makusudi, kwa kusikiliza.

Alexander Dumble wa California, aliyefariki 2022, alifika mbali zaidi: aliimwagia sakiti yake gundi ngumu ili asiwepo wa kuisoma, na kila amplifaya aliirekebisha kufuata mkono wa mpigaji aliyeiagiza. Wapo waliokuja kuibandua ile gundi. Chini yake walikuta rizista na kapasita za kawaida.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayetamani sauti ya Express, nakuomba usianze nayo. Ina nguvu nyingi ya kukuza sauti, na kosa dogo la waya linakuwa balaa. Anza na valvu moja ya 6V6 ya kusukuma spika, kwa sakiti ya Champ 5F1, amplifaya ndogo ya kampuni ya Fender ya miaka ya 1950, ila uijenge kwa nidhamu ya Fischer. Wati 5 zinatosha kumwamsha jirani, niamini.

Kabla ya yote, umeme. Ndani ya boksi hili kuna volti zaidi ya 300, na kapasita kubwa hushikilia chaji hata baada ya kuchomoa plagi. Fundi aliyenifundisha redio alikuwa anaweka mkono wa kushoto mfukoni kila anapogusa kitu kilichowashwa, ili mkondo usipite kifuani. Nami nafanya hivyo hadi leo. Chomoa plagi, shika rizista ya 10K (omu elfu kumi) ya wati 5 kwa koleo lenye mpini wa plastiki, iguse kati ya kapasita na chesisi kwa sekunde kumi, halafu hakikisha kwa mita. Usiiamini rizista peke yake. Tumia plagi ya pini tatu, waya wa ethi ufungwe kwenye chesisi kwa boliti yake peke yake, na fyuzi iwe kwenye waya wa moto. Kama hujawahi kufanya kazi na volti za namna hii, kaa kwanza na fundi anayezijua. Hili silisemi kwa desturi tu: nimerushwa mara moja, na mkono uliuma wiki nzima.

Vipuri. Transfoma ya umeme iwe na upande wa 230V, kwa umeme wetu wa TANESCO. Wengi huagiza ya Marekani yenye upande wa 120V pekee kwa sababu ni rahisi kidogo, na ikichomekwa tu inaungua. Upande wa pili tafuta volti 275-0-275 hadi 325-0-325 ya miliampia 70 au zaidi, pamoja na 6.3V ya kupasha valvu na 5V ya 5Y3, valvu inayogeuza umeme wa AC kuwa DC. Transfoma ya spika ndiyo watu huikosea. Kwa kuwa valvu ya kusukuma spika ni moja, mkondo wa DC unapita ndani yake muda wote, hivyo chuma chake lazima kiwe na mwanya. Transfoma iliyotolewa kwenye amplifaya yenye valvu mbili za kusukuma spika itajaa sumaku na sauti ya chini itapotea. Omba ya omu 5K, upande wa spika omu 4 au 8, na spika yako ilingane. Rafiki zangu hunitajia mafundi hodari wa kusuka mota. Ni hodari kweli, lakini hii ya spika nunua.

Valvu mpya zinapatikana. Mimi hutumia za JJ za Slovakia, hasa 6V6S, kwa kuwa inavumilia volti za juu. Kapasita za kupitisha sauti ni 0.02 maikrofaradi za volti 600 au 630. Za kuchuja ni 16, 8 na 8. Siku hizi utapata 22, 10 na 10 za volti 500, nazo zinafaa. Usiweke 100 ukidhani utaondoa mvumo, maana 5Y3 haiwezi kujaza kapasita kubwa hivyo kila inapowashwa, utaiua. Kuhusu rizista za zamani za kaboni ambazo watu huzisifu, sizinunui. Zinachacharika. Metal film zinanyamaza, na pesa inayobaki naiweka kwenye spika, ambayo unaisikia kila siku.

Chesisi yangu ilikatwa na mafundi wa bati wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, aluminiamu ya milimita 2, na nikatoboa mwenyewe. Hapa ndipo kazi ya Fischer inapoanza, hata kabla ya kulehemu. Kaa na karatasi kubwa, chora vitu kwa ukubwa wake halisi. Transfoma ya umeme mwisho mmoja, tundu la gitaa mwisho wa pili. Zigeuze transfoma mbili ili zisitazamane, moja ikae kwa digrii 90 kwa mwenzake. Njia rahisi ya kujua mahali pazuri: iwashe ile ya umeme peke yake, nyaya zake za pili zote zimezibwa na kutengwa, unganisha upande wa spika wa transfoma nyingine kwenye headphone, kisha isogeze mezani. Utausikia mvumo ukipanda na kushuka. Pale unapokuwa mdogo kabisa, weka alama.

Anza kulehemu na nyaya za 6.3V. Zisokote kwa nguvu, mizunguko mitatu kwa kila upana wa vidole viwili, zipite kwenye kona ya chesisi, zishuke kwenye soketi kutoka juu. Kwenye 6V6 zinaingia pini 2 na 7. Kwenye 12AX7 unganisha 4 na 5 pamoja, na waya wa pili uende 9. Weka rizista mbili za omu 100, moja kutoka kila waya hadi ethi. Ukifanya hili vizuri utakuwa umeondoa sehemu kubwa ya mvumo kabla haujazaliwa. Kisha 5Y3: anodi ni pini 4 na 6, volti 5 kwenye 2 na 8, na umeme wa DC unatoka kwenye 8. Kutoka hapo kapasita ya kwanza, rizista ya 10K, kapasita ya pili, rizista ya 22K, kapasita ya tatu.

Sakiti ya sauti ni fupi: gitaa, nusu ya kwanza ya 12AX7 (ndani yake kuna valvu mbili), volyumu ya 1M (omu milioni moja), nusu ya pili, kisha 6V6. Sauti huingia kwenye valvu kwa gridi na kutoka kwa anodi ikiwa imekuzwa; kathodi ni mguu wake wa upande wa ethi. Anodi zote mbili zina 100K, kathodi zina 1.5K. Gridi ya 6V6 ina 220K kwenda ethi, na kathodi yake ina omu 470 ya wati 5 pamoja na kapasita ya maikrofaradi 25. Rizista nyingine ya 22K, si ile ya umeme, inarudisha sauti kidogo kutoka kwenye spika hadi kathodi ya nusu ya pili.

Sasa sikiliza kwa makini, maana ndiyo sababu ya mimi kuandika haya. Waya wa gridi unasikia kila kitu. Waya wa anodi unapiga kelele muda wote. Usivilaze sambamba hata siku moja. Vikilazimika kukutana, vipishane kama njia panda. Waya wa gridi uwe mfupi na ugande kwenye chesisi. Waya wa anodi uinuliwe hewani. Unaotoka kwenye volyumu kurudi kwenye valvu tumia wenye wavu, na wavu ulehemu ethi upande mmoja tu. Ethi nazo zina mpango wake: za gitaa na nusu ya kwanza zikusanyike karibu na tundu la gitaa, za 6V6 na kapasita kubwa karibu na transfoma ya umeme. Mimi huwa siachi nyaya zinyooke na kupendeza kwa picha. Nazifunga baada ya kusikiliza.

Kuwasha mara ya kwanza, tumia balbu ya zamani ya nyuzi ya wati 60, iliyofungwa kwenye njia ya umeme kabla ya amplifaya. Kama kuna shoti, balbu itawaka kwa nguvu na vipuri vyako vitapona. Valvu zisiwemo kwanza. Pima 6.3V. Zima, toa chaji, weka valvu, unganisha spika. Usiwashe bila spika, kamwe, kwani transfoma ya sauti inaweza kutoboka. Washa tena. Balbu itang'aa kidogo kisha ififie. Hapo unaweza kuitoa.

Ikilia kwa nguvu mara tu valvu zinapopata moto, na volyumu ikiwa sifuri, shida huenda ni ile rizista ya 22K inayorudisha sauti kutoka kwenye spika. Badilishana nyaya mbili za transfoma ya spika upande wa 6V6. Ikilia tu unapopandisha volyumu, ni ulazaji wa nyaya. Chukua kijiti cha mshikaki, kikavu, kisicho na mafuta, sukuma waya mmoja mmoja milimita chache huku mtu akipiga gitaa. Sauti itabadilika mbele ya masikio yako. Kuna mahali mluzi unakatika, na kabla tu ya hapo kuna mahali ambapo noti zinachanua na kukaa muda mrefu. Hapo ndipo Fischer alikuwa anapatafuta. Nilikaa hapo saa tatu usiku wa kwanza na sikuhisi muda.

Pima kathodi ya 6V6. Yangu ilikuwa volti 19. Gawanya kwa 470, unapata karibu miliampia 40. Toa kama 2 za skrini (gridi ya pili ya 6V6), zinabaki 38. Anodi ilikuwa 330, ukitoa 19 ni 311. Zidisha: wati 11.8, na valvu hii iliandikiwa 12 zamani. Ikizidi sana, weka omu 560 badala ya 470.

Mambo mawili niliyoongeza, kwa kumkumbuka mzee wa New Jersey. Swichi ya kukata ile 22K ya spika: ukiikata, sauti inafunguka na kukwaruza mapema zaidi. Na kapasita ya pikofaradi 100 kati ya mguu wa kuingilia na wa katikati wa volyumu, ili ung'avu usipotee ukipiga kwa sauti ya chini. Kisha nimeacha master volume kabisa. Fungua amplifaya karibu hadi mwisho, halafu tumia kitufe cha gitaa lenyewe: kishushe, inasafika; kipandishe, inaunguruma. Vidole vinajifunza haraka.

Boksi nimetengeneza kwa mabaki ya mninga kwa seremala wa mtaani, spika ya inchi 10 badala ya 8. Mninga ni mzito kuubeba, lakini sauti ya chini ni nzuri na fundi alinipunguzia bei.

Ipigie saa moja, ipoe, ifungue, pima upya volti zote. Ziandike kwenye kipande cha masking tape ndani ya chesisi, pamoja na tarehe. Yangu ina volti 19, 330, na jina la bibi yangu.