Namna ya kuripoti ukatili wa kingono ndani ya familia hata kama hujui sheria inauitaje

Wengi wananyamaza kwa sababu hawajui kama kilichotokea "kinahesabika". Baba wa kambo ni ndugu kisheria? Kumshikashika mtoto bila kumwingilia ni kosa? Na sheria zenyewe zinachanganya kweli, Uingereza kabla ya sheria ya 2003 kosa la maharimu (ngono kati ya ndugu wasioruhusiwa kuoana) lilihusu ndugu wa damu tu, baba wa kambo ilibidi ashtakiwe kwa kosa lingine, na Ufaransa mpaka 2021 ili kiitwe ubakaji ilibidi ionekane kulikuwa na nguvu, shinikizo, vitisho au kushtukizwa, hata kama aliyefanya ni baba mzazi.

Sasa wewe usihangaike na jina la kosa. Kifungu watatafuta polisi na waendesha mashtaka. Wewe sema nani, alifanya nini, wapi, lini, mtoto ana umri gani. Kwenye uhusiano usiishie kusema "ni ndugu", eleza: ni mume wa mama, wanakaa nyumba moja, ndiye anayebaki na mtoto mama akiwa kazini. Sheria nyingi siku hizi zinaangalia nani ana mamlaka juu ya mtoto, sio damu peke yake.

Maneno ya mtoto yaandike kama alivyoyatamka, na tarehe. Akisema "alinichezea huku chini" usiandike "alibakwa" eti ndo ieleweke, maana akija kuhojiwa akasema kivyake itaonekana mnapishana na wakili wa mtuhumiwa atang'ang'ania hapo hapo. Usimhoji tena na tena, msikilize, mwambie unamwamini na kwamba sio kosa lake.

Kama ni tukio la karibuni mpeleke hospitali kabla hajaoga, nguo alizovaa weka kwenye mfuko wa karatasi, sio plastiki. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, mapema ndo bora. Zikipita bado mpeleke.

Ukifika polisi ukaambiwa "huyu si maharimu wake" au "hayo ya kifamilia kamalizaneni", usiondoke, uliza: basi ni kosa gani lingine? Kitendo hicho hicho kinaweza kuwa ubakaji, ulawiti au shambulio la aibu (kama kumshikashika kingono bila kumwingilia). Omba namba ya taarifa, jina la aliyekupokea, ukikwama nenda ustawi wa jamii au msaada wa kisheria. Na kikao cha familia kisitangulie jamani, kinampa mtuhumiwa muda wa kumtisha mtoto au kumhamisha.