Toleo jipya la mfumo wa simu lisubiri mnada wa korosho upite
Ndugu zangu wa Newala na Tandahimba, msimu wa korosho ukianza, msiharakishe kupandisha simu toleo jipya kabisa la mfumo, yaani programu kuu inayoendesha simu. Subirini wiki kadhaa litoke sasisho la marekebisho. Muonekano mpya una faida gani kama simu inaganda siku ujumbe wa malipo unaingia? Viraka vya usalama, yaani masasisho madogo ya ulinzi, ni jambo jingine: hivyo wekeni mapema, vinaziba matundu ya wezi. Mwaka 2018 Apple katika iOS 12, mfumo wa simu zao za iPhone, waliweka mbele kasi na uthabiti, na toleo hilo likaingia hadi iPhone 5s ya 2013. Natamani kampuni zote zifanye hivyo. Kabla ya kusasisha, hifadhini nakala ya picha na namba, na chaji iwe ya kutosha.