Chujio la maji ya nyumba nzima: kabla ya tanki au baada yake?

Mvua zikishashika, kati ya Novemba na Aprili, ndoo ya maji iliyolala usiku kucha Mbeya au Iringa mara nyingi hukutwa asubuhi na utando wa udongo chini yake. Chujio la nyumba nzima huondoa hilo. Shida ni kwamba mchoro unaokuja ndani ya boksi umechorwa kwa nyumba inayopata maji saa 24 moja kwa moja kutoka bombani. Huku maji huja kwa zamu, hupanda kwenye simtanki, ndipo yashuke ndani. Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, amua kwanza kila chujio litakaa upande gani wa tanki.

Hesabu yenyewe ni fupi. Maji yenye kimo cha mita 10 yanatoa presha ya bar 1. Weka tanki juu ya mnara wa mita 3, lijaze maji ya kimo cha mita moja na nusu: shawa iliyo mita 2 kutoka chini inabakiwa na mita 2.5, yaani bar 0.25. Tanki likikaribia kwisha inabaki bar 0.1. Katriji, yaani kiini cha chujio kinachobadilishwa, ikiwa mpya kabisa inaweza kula bar 0.1 peke yake, na ikishachafuka inakula mara tano ya hapo. Ndiyo maana watu hufunga chujio chini ya tanki, wiki ya pili shawa inadondosha matone, wanamlaumu fundi.

Jambo la pili ni klorini, dawa ya kuua vijidudu iliyomo kwenye maji ya bomba. Katriji ya mkaa huiondoa, na ladha ya maji inakuwa nzuri. Lakini mkaa ukikaa kabla ya tanki, maji yanalala siku tatu tankini bila kinga yoyote, na ukuta wa tanki unaanza kuota utelezi.

Mpangilio unaofaa nyumba nyingi basi ni huu: chujio la kukamata udongo kati ya mita na tanki, likisukumwa na presha ya bomba la mtaani, mkaa baada ya tanki, kwenye bomba la jikoni tu. Ukitaka mkaa kwa nyumba nzima, lazima uweke pampu ya kuongeza presha ikivuta kutoka tankini. Isivute kamwe kutoka bomba la mtaani, maana bomba lenye nyufa likinyonywa huingiza maji machafu ya ardhini, yakaenda kwako na kwa jirani.

Pima kabla ya kununua

Fungua bomba lililo karibu na mita, kinga ndoo ya lita 20 na uhesabu sekunde. Ikijaa kwa dakika moja, una lita 20 kwa dakika, na chupa (kasha la plastiki linaloshika katriji) ya inchi 20 ya aina nene (kipenyo cha inchi 4.5) inazimudu bila taabu. Funga geji ya presha hapo hapo na uisome mchana, kisha usiku wa manane. Miji yetu imelala kwenye miteremko. Nyumba ya bondeni inaweza kusoma bar 2 mchana na bar 6 usiku watu wakiwa wamelala. Ikivuka bar 4, weka valvu ya kupunguza presha kabla ya chujio na uirekebishe iwe bar 3. Ikiwa chini ya bar 1, tumia chupa moja tu, la sivyo tanki halitajaa kabla zamu haijaisha.

Maji ya kisima ni habari nyingine. Yakitoka meupe kisha yakageuka mekundu baada ya kukaa ndooni, hicho ni chuma kilichoyeyuka, nacho hupita kwenye chujio la kukamata udongo kama hakuna kitu. Hayo yanahitaji hewa kwanza: yamwagwe kutoka juu kupitia bomba lenye matundu kuingia tanki la kwanza, yatulie, ndipo yachujwe. Sampuli ya kisima ipeleke maabara ya ubora wa maji, na uombe wapime floraidi pia, kwa sababu katriji hizi haziiondoi.

Vifaa

Chupa mbili za inchi 20 zenye matundu ya inchi moja, katriji ya wavu wa kuoshwa ya mikroni 50 (mikroni ni elfu moja ya milimita; namba ndogo huchuja zaidi), katriji ya nyuzi ya mikroni 20, chupa ya inchi 10 na katriji ya mkaa kwa jikoni, koki tano za inchi moja (tatu za njia kuu, mbili za kuoshea), yunioni mbili, geji mbili, na bomba la PPR (plastiki inayounganishwa kwa joto) la milimita 32. Usisahau tepu nyeupe na grisi ya silikoni. Grisi ya gari huvimbisha mpira, halafu chupa haifungi tena.

Kufunga

Chagua ukuta wenye kivuli. Chupa ya kuonyesha ndani ikipigwa na jua huota ukijani. Ikijaa maji, kila moja ina kilo kumi hivi, na kuta za matofali ya kuchoma zina maungio laini. Toboa katikati ya tofali, si kwenye udongo wa maungio. Chini ya chupa acha sentimita 30 ili beseni liingie siku ya kubadilisha.

Koki ya kwanza ikae kabla ya chujio, ya pili baada yake, ya tatu kwenye njia ya mchepuko inayounganisha pande mbili. Bila mchepuko, chupa ikipasuka nyumba nzima inakaa bila maji. Geji moja kabla, moja baada. Fuata mshale ulio kwenye kichwa, yaani kifuniko cha juu cha chupa: ukigeuza, maji yatapita lakini katriji itaminywa kutoka ndani na kuchanika.

Pale bomba linapoingia kwenye kichwa cha plastiki ndipo hasara nyingi hutokea. Fundi aliyezoea bomba la chuma huzungusha katani nyingi, anakaza kwa spana kubwa, na ufa haujitokezi siku ile. Unajitokeza usiku presha ikipanda. Tumia adapta ya PPR yenye nyuzi za shaba, tepu mizunguko kumi kufuata mwelekeo wa nyuzi, kaza kwa mkono hadi igome, kisha nusu mzunguko wa spana. Uchomaji wote ufanywe kabla adapta haijaingia kwenye plastiki, kwa sababu joto husafiri.

Bomba la milimita 32 linachomwa sekunde 8 kwenye nyuzi joto 260, kisha liachwe dakika 4 bila kuguswa. Asubuhi za Juni na Julai Njombe na Makete, joto likiwa chini ya nyuzi 5, ongeza nusu: sekunde 12. Ungio lililochomwa kwa baridi linaonekana zima kabisa, halafu linachomoka.

Kuwasha

Kabla ya kuweka katriji, safisha tanki: lita moja na nusu ya jiki isiyo na manukato, ya asilimia 3.5, kwa kila lita 1,000 za maji. Fungua mabomba ya ndani mpaka harufu ifike, acha kwa muda wa saa 12, mwaga yote. Weka katriji, paka oringi (mpira wa duara unaoziba chupa) grisi kidogo, kaza chupa kwa mkono tu. Fungua koki ya kuingizia robo, bonyeza kitufe chekundu cha kutolea hewa kilicho kichwani mpaka hewa iishe, ndipo ufungue yote. Mkaa mpya utoe maji meusi kwanza. Yamwage hadi yang'ae.

Soma geji. Tofauti ikifika bar 0.7, osha wavu na ubadilishe katriji ya nyuzi. Kiangazi huchukua miezi. Januari na Februari huenda isimalize mwezi. Chupa ikigoma kufunguka, usirefushe spana: funga koki zote mbili na ubonyeze kitufe chekundu, kinachoizuia ni presha iliyobaki ndani. Maji yakitoka na udongo wakati katriji ni mpya, ilikaa upande.

Hakuna katriji kati ya hizi inayoua vijidudu, hivyo maji ya kunywa yaendelee kuchemshwa: yakishatokota, dakika moja, na dakika tatu kwa waliopanda juu ya mita 2,000 kama Makete, kwa kuwa huko maji hutokota kwenye joto la chini zaidi. Huko huko, chupa zilizo nje zifungwe gunia au zijengewe kijumba, maana maji yakiganda usiku wa Julai huipasua chupa kwenye shingo.