Kupima hatari ya maji yanayopanda kutoka ardhini: mfano wa Bonde la Kilombero

Katika Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, Tanzania, wengi huutazama mto tu masika yakianza. Lakini pembezoni mwa bonde, miteremko ya Udzungwa inapokutana na mbuga, maji yanaweza kukuingilia ndani mto ungali katika kingo zake. Mvua hupenya kwenye mchanga wa chini ya milima, husafiri chini kwa chini, kisha hujitokeza ardhi inapolala. Maji hayo mara nyingi huwa meupe, bila tope. Huchipuka kwenye ufa wa sakafu au hujaza shimo la choo, na huweza kukaa wiki kadhaa kwa sababu hayana pa kushukia.

Cha kupima hapa ni kisima. Tafuta kisima kifupi kisichozidi mita 50 kutoka nyumbani, kisicho na pampu ya mota. Pima mara moja kwa wiki kuanzia Februari, na kila siku Machi hadi Mei. Pima alfajiri kabla watu hawajachota, maana kisima kilichochotwa huonyesha maji yako chini kuliko yalivyo.

Tumia futi ya fundi. Kamba ya nailoni hunyumbuka, usiitegemee. Mwishoni funga kipande kifupi cha bomba la chuma, kimezibwa juu na wazi chini. Kikigusa maji hutoa mlio wa "pwo" unaosikika hata kisima kikiwa na giza. Kiinue na kukishusha mara mbili tatu mpaka upate usawa wenyewe, kisha soma futi kwenye alama moja ya kudumu mdomoni mwa kisima. Kumbuka kujumlisha urefu wa kile kipande.

Sasa linganisha na sakafu yako. Chukua mpira wa levo wa mafundi, ule unaoonyesha maji ndani, uhamishe usawa wa sakafu hadi kisimani. Toa mapovu yote ya hewa kwanza, la sivyo vipimo vitapotoka. Tuseme mdomo wa kisima uko sentimita 40 juu ya sakafu na kipimo chote, pamoja na kile kipande, ni sentimita 160: maji yako sentimita 120 chini ya sakafu. Yakipanda sentimita 6 kwa siku, hesabu inakupa siku 20. Jipange kwa nusu yake. Udongo wa juu huwa umekwisha kulowa, nafasi iliyobaki ni ndogo, hivyo mwendo huongezeka kadiri maji yanavyokaribia juu. Udongo wenye nafasi tupu ya asilimia 10 ukipokea milimita 20 za mvua iliyopenya yote, maji hupanda milimita 200. Kwenye mfinyanzi nafasi huwa ndogo zaidi. Wala usilegee mvua ikikatika, kwani maji ya mlimani bado yako njiani.

Maji ya kisima yakifika mita moja chini ya sakafu, pandisha mpunga kwenye vichanja na uache kuchota maji ya kunywa katika kisima kilicho karibu na choo. Shimo la choo linatakiwa liwe juu ya maji ya ardhini kwa angalau mita 1.5, na masika sharti hilo huvunjika mapema mno. Kwa bonde hili choo kinachofaa ni cha kuinuliwa: pete za zege juu ya ardhi, zilizozungushiwa tuta la udongo ulioshindiliwa.

Mifuko ya mchanga mlangoni haizuii maji yanayotoka chini. Kuziba sakafu kwa saruji nako ni hatari. Jamvi la zege la sentimita 10 lina uzito wa kilo 240 hivi kwa mita ya mraba, na maji yaliyopanda sentimita 24 juu ya kitako chake yana nguvu ya kulisukuma kwa uzito huohuo. Hapo hupasuka. Kwa sababu hiyohiyo usiite gari la kunyonya tangi la maji taka wakati ardhi imejaa maji: likiwa tupu linaweza kuelea na kung'oa mabomba.

Maji yakishuka, safisha kisima kabla ya kukitumia. Kisima cha kipenyo cha mita 1.2 kina lita 1,130 hivi kwa kila mita ya kina. Koroga gramu 30 za klorini ya unga ya asilimia 70 katika lita 10 za maji, kisha mimina lita 1 ya mchanganyiko huo kwa kila lita 100 zilizomo kisimani. Subiri angalau dakika 30, halafu toa maji mpaka harufu kali iishe. Toa polepole: ukikikausha kwa pupa wakati udongo wa nje ungali umejaa, mchanga huingia kwa chini na pete za kisima huinama.