Nahau za Kiingereza: namna ya kuzielewa na kuzitumia bila kuteleza

Unasoma sentensi ya Kiingereza, kila neno unalijua, na bado maana haikai. Simama hapo, huenda umekutana na nahau. Anayesema "I'm feeling under the weather" hazungumzii mvua wala jua. Anasema hajisikii vizuri. Kwenye kamusi usianzie "under". Tafuta neno zito zaidi, mara nyingi nomino, yaani "weather", kisha shuka hadi sehemu ya nahau.

Ukiipata, usinakili maana peke yake. Andika sentensi nzima, nani kasema na kamwambia nani. "Under the weather" ni mafua, uchovu, kichwa kinachogonga kidogo. Ukiitumia kwa mgonjwa aliye mahututi, utakuwa umeudharau ugonjwa wake. "Kick the bucket" ni hatari zaidi: kamusi itakuambia ni kufa, nawe utadhani inalingana na kuaga dunia. Hailingani hata kidogo. Ni ya mzaha, na mbele ya wafiwa inaumiza. Kwenye rambirambi andika "passed away".

Kosa linalotuandama sana sisi wasemaji wa Kiswahili liko kwenye vile vineno vidogo, "a" na "the". Kiswahili hakina, kwa hiyo ulimi unavidondosha bila kujua. "Call it a day" ni kufunga kazi kwa leo. "Call it day" haina maana yoyote. "Hit the nail on the head", kusema jambo lenyewe hasa, ina "the" mbili na zote ni lazima. "Cost an arm and a leg", kuwa ghali mno, haipinduliwi: mkono hutangulia mguu. Isome kwa sauti mara kadhaa, nzima nzima, hadi itoke kama neno moja.

Yapo lakini yanayobadilika. Kitenzi hufuata wakati: "We called it a day at six." Mwenye kitu naye hubadilika. Chukua "pull someone's leg", kumtania mtu kwa kumwambia uongo mdogo. Hiyo "someone's" ni nafasi ya kujaza, na mwenye mguu ni yule anayetaniwa: "You're pulling my leg", wanitania wewe, "He was pulling her leg", alikuwa akimtania huyo dada. Kutendwa ndiko kwenye mtego. "The beans were spilled" bado ni siri imetoboka, lakini "the bucket was kicked" ni ndoo iliyopigwa teke, basi. Hakuna kanuni itakayokuonyesha ipi inakubali na ipi inakataa, kwa hiyo shika umbo ulilolisikia.

Kwenye kutafsiri, jihadhari na nahau zinazofanana sura. "Spill the beans" ni kutoboa siri. Kumwaga unga ni kupoteza kazi. "Beat around the bush" ni kuzungukazunguka kwa maneno bila kufika kwenye hoja, wakati kuzunguka mbuyu kwetu ni habari ya rushwa. Mfasiri akizichanganya, anamsingizia mtu kosa la jinai. Ila "bite the bullet" ina mwenzake mzuri kabisa: kujikaza kisabuni.

Angalia pia msemaji anatoka wapi. Mwingereza husema "touch wood", Mmarekani "knock on wood", na wote wanaomba bahati isigeuke. Kwenye mikutano, "table" ya Uingereza ni kuwasilisha hoja ijadiliwe. Ya Marekani ni kuiweka kando. Kabla ya kujibu barua pepe yenye neno hilo, uliza.

Nyingine zina wakati wake tu. "Break a leg" huambiwa mtu anayekaribia kupanda jukwaani, kumtakia heri. Akishashuka haisemwi tena. "It's raining cats and dogs", yaani mvua kubwa inanyesha, imejaa kwenye vitabu vya shule, lakini katika mazungumzo utasikia zaidi "it's pouring".

Kwa kuanzia, chukua "call it a day" na "a piece of cake", yaani jambo jepesi sana. Hizi hazimkwazi mtu, na nafasi ya kuzitumia haikosekani. Katika barua ya kuomba kazi, acha nahau zote.