Furaha Ipangie Siku

Mimi ni fundi cherehani, Magomeni. Wateja wangu wengi huleta vitambaa vya harusi, na siku ya kujaribu gauni nawaona wanavyojigeuza mbele ya kioo, wanashika kiuno, wanapiga picha, uso umechanua. Shughuli mbili baadaye gauni linaning'inia kabatini, mwenyewe karudi na kitambaa kingine. Siwalaumu, binadamu tunazoea upesi. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani waliwahoji watu 22 walioshinda bahati nasibu, wakakuta furaha yao haipishani sana na ya watu wengine wa maeneo yao. Tena kifungua kinywa na stori na rafiki havikuwa vitamu kwao kama kwa wenzao.

Basi usiisubiri furaha ije na kitu kikubwa. Ipangie siku, kama mnavyopanga siku ya kikoba.

Kwanza shughulikia kinachokukosesha usingizi. Kama kodi ya miezi sita iko mlangoni, hakuna baraza litakalokutuliza. Weka akiba kidogo kidogo mapema, hata kwenye kibubu. Asikudanganye mtu kwamba pesa haina kazi yake.

Halafu chagua watu, wawili watatu wanatosha. Chuo Kikuu cha Harvard kimefuatilia maisha ya watu tangu 1938, na linalojitokeza mara kwa mara kwa wenye furaha ni uhusiano mzuri na wengine. Hapa Dar shida ni ile "tutaonana". Hamtaonana, foleni itawamaliza. Taja siku, saa na mahali. Mtu wa Gongo la Mboto usimwite Tegeta jioni ya siku ya kazi, maana akifika atakuwa anawaza gari la kurudi. Sisi tunakaa Alhamisi baada ya Magharibi, nje kwa jirani yangu. Muuza kahawa hupita na birika lake juu ya mkaa, akigonganisha vikombe, tunachukua na kashata. Simu zinabaki mkobani. Asiyetokea anapigiwa usiku uleule, na ndivyo tulivyojua mama wa mwenzetu kalazwa, tukachanga kabla hajatuomba. Ukifuata jambo moja tu katika haya, fuata hili.

Pesa ndogo nayo itumie kwa ajili ya mwingine. Katika jaribio moja la Kanada, lililochapishwa 2008, watu walipewa dola 5 au 20. Waliozitumia kwa wengine walikuwa na furaha zaidi jioni kuliko waliojinunulia vitu, na kiasi hakikuleta tofauti. Mlipie mwanafunzi nauli kwenye daladala. Mpelekee mlinzi wa mtaa chapati, umkabidhi mkononi, muongee kidogo. Usiipige picha.

Na hilo gauni lililoko kabatini, livae Ijumaa hii.

Kama huzuni imekushika wiki mbili na zaidi, usingizi umepotea na chakula hakipiti, usijilaumu kwamba hukujitahidi. Nenda hospitali. Huo ni ugonjwa na una matibabu.

Kwa wengine, anzeni leo kabla ya kulala. Mtumie mtu mmoja ujumbe wenye siku, saa na mahali. Akisema ana udhuru, usimjibu "basi siku nyingine". Mpe Alhamisi inayofuata, saa ileile.