Kura ya Uingereza huenda tayari ni yako

Desemba 2019 nilipita mbele ya kituo cha kupigia kura nikiwahi zamu ya usiku. Baridi ilikuwa ya kukata masikio, na mbwa wawili walikuwa wamefungwa kwenye uzio wakiwasubiri wenyewe watoke. Niliwatazama mbwa, nikaendelea na safari. Ya Waingereza waachie Waingereza, nilijisemea. Pasipoti yangu ni ya Tanzania. Ikapita miaka hadi Mei 2024, Rishi Sunak, waziri mkuu wa wakati huo, alipotangaza uchaguzi huku mvua ikimlowesha suti pale Downing Street, ndipo dada mmoja Mkenya ninayefanya naye kazi akaniuliza kama nimeshajiandikisha. Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Kwani Tanzania si ya Madola?"

Basi tuanzie hapo, maana wengi wetu tunaishi nchi hii miaka kumi bila kuambiwa. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali, mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, anaruhusiwa kupiga kura kwenye uchaguzi mkuu. Si lazima awe Mwingereza. Viza ya kazi inatosha, ya masomo inatosha, ukaazi wa kudumu unatosha. Kenya, Uganda na Tanzania zimo, na Rwanda imo tangu 2009. Kwa sisi Watanzania jambo hili ni zito kuliko kwa Wakenya: mwenzetu Mkenya anaweza kushika pasipoti mbili, sisi ukichukua ya Uingereza ya nyumbani unaiaga. Wakenya walioko huku waliweza hata kumpigia kura rais wao mwaka 2022, sisi hatuna utaratibu huo. Kura iliyo karibu nawe ni hii ya hapa.

Ndugu zetu wa Kongo na Burundi hawamo kwenye mpango huu wa Madola, kwa hiyo uchaguzi mkuu kwao unasubiri uraia. Lakini kama wanaishi Scotland au Wales na wana kibali halali, wanaruhusiwa kuchagua bunge la huko na madiwani. Mkongo wa Glasgow asikubali kuambiwa kwamba hana kura yoyote. Na asiye na haki asijiandikishe kwa kubahatisha: kutoa taarifa za uongo kwenye fomu ile ni kosa la jinai.

Kujiandikisha kwenyewe ni dakika chache tu kwenye tovuti ya serikali, gov.uk. Andaa namba yako ya National Insurance (ile ya michango inayokatwa kwenye mshahara), anwani na uraia wako. Mwisho ni siku 12 za kazi kabla ya siku ya kura, na hapo hawana msamaha. Kuna faida nyingine ambayo, nikisema ukweli, ndiyo iliyowavuta wenzangu kadhaa kuliko siasa: kampuni za mikopo huangalia daftari la wapiga kura kuhakikisha kwamba unaishi unaposema unaishi. Jina likiwemo, kupata simu ya mkataba au mkopo wa gari huwa kwepesi kidogo. Ukijaza fomu utaulizwa kama jina lako liwekwe pia kwenye daftari la wazi, lile linalouzwa kwa yeyote anayelitaka. Kataa. Haki yako ya kura haipungui.

Sasa, uchague vipi? Hapa ndipo akili tuliyotoka nayo nyumbani inapotupoteza. Kule tunamchagua rais, karatasi ina sura yake. Huku hakuna karatasi yenye jina la waziri mkuu, isipokuwa kwa watu wa jimbo lake. Nchi ina majimbo 650, na kila jimbo linatoa mbunge mmoja, yule mwenye kura nyingi kuliko wenzake, hata kama waliomkataa ni wengi kuliko waliomtaka. Mwaka 2024 chama cha Labour kilipata asilimia 33.7 ya kura kikaondoka na viti 411. Reform ilipata asilimia 14.3, ikaambulia viti 5. Liberal Democrats walikuwa nyuma ya Reform kwa kura, asilimia 12.2, lakini wakapata viti 72, kwa sababu kura zao zilikuwa zimerundikana kwenye majimbo waliyoyalenga.

Mwingereza wa kawaida anaijua hesabu hii hata kama hawezi kukueleza kwa maneno. Ndiyo maana utasikia mtu anayependa chama cha Green, cha watu wa mazingira, akisema atawapigia Liberal Democrats: si kwamba wanampendeza, ila ndio pekee wanaoweza kumng'oa aliyepo. Wengi hupiga kura ya kumtoa mtu, si ya kumweka. Kwa hiyo kabla hujasoma ilani ya chama chochote, ingiza msimbo wako wa posta mtandaoni uone nani alishinda jimbo lako mara iliyopita, nani alikuwa wa pili, na kwa tofauti gani. Kama aliyeshinda amemwacha mwenzake kwa kura elfu 15, uko kwenye ngome, na kura yako itakuwa ya kutuma salamu. Kama ni mia chache, watakugongea mlango. Jimbo la Hendon, London, mwaka 2024 liliamuliwa kwa kura 15. North East Fife mwaka 2017 lilikwenda kwa kura 2. Nyumba moja ya wapangaji Wakenya ingetosha.

Kinachobaki ni mapenzi, mazoea na hasira. Bibi mmoja ninayemhudumia (moyoni namwita bibi, mdomoni namwita kwa jina lake kama mwenyewe anavyotaka) ni binti wa mchimba makaa, na ukoo wake wote ulikuwa Labour kama vile watu wengine walivyo Simba au Yanga. Mwaka 2019 akawapa Conservative, chama cha Sunak, kwa mara ya kwanza maishani, ili habari ya kutoka Umoja wa Ulaya iishe na televisheni ipumzike. Mwaka 2024 akarudi Labour. Nilimuuliza kama amewasamehe. Akasema hajawasamehe, ila wale wengine wamemchosha zaidi. Miji mingi ya kaskazini ilifanya hivyo hivyo, kwenda na kurudi. Zamani ungeweza kukisia kura ya mtu kwa kuangalia kama anachafuka mikono kazini. Siku hizi umri ndio unaosema zaidi, wazee wakiegemea kulia na vijana kushoto.

Kosa letu ni kutafuta chama kinachotupenda wageni. Wazazi wa Sunak walizaliwa huku kwetu, baba Kenya na mama Tanganyika, na bado ni serikali yake iliyowazuia walezi wa wazee na wagonjwa wanaokuja kwa viza ya kazi kuleta wake, waume na watoto kuanzia Machi 2024. Labour wakaingia, na Julai 2025 wakafunga kabisa mlango wa kuajiri walezi wapya kutoka nje. Tayari walishapendekeza muda wa kusubiri ukaazi wa kudumu uongezwe kutoka miaka 5 hadi 10. Mimi siku hizi simuulizi mgombea kama anatupenda. Namuuliza atapigaje kura bungeni kuhusu miaka hiyo kumi, na namwambia ajibu kwa barua pepe.

Na wasiopiga kura? Ni wengi kuliko unavyodhani: mwaka 2024 walijitokeza takriban 60 katika kila 100 walioandikishwa, idadi ndogo kuliko miaka yote tangu 2001. Hakuna sheria inayokulazimisha. Kijana mmoja wa zamu yetu, mzaliwa wa hapa, aliniambia "wote ni wale wale" kwa sauti ile ile ya bodaboda wa Mbagala. Wengine wako kwenye ngome na wanaona matokeo yameshaandikwa. Wengine wanahamahama vyumba vya kupanga, daftari haliwapati. Wapo pia wanaokwenda kituoni kuharibu karatasi makusudi, kwa kuandika tusi au kuchora kikaragosi. Msimamizi wa uchaguzi huiamua kila karatasi ya namna hiyo, mawakala wa vyama wakitazama, na idadi yake hutangazwa. Kama umewachoka wote, mimi naona hiyo ni afadhali kuliko kulala nyumbani, maana aliyelala huhesabiwa kuwa ameridhika.

Siku yenyewe huwa Alhamisi, vituo viko wazi saa moja asubuhi hadi saa nne usiku. Ukiwa kwenye foleni saa nne inapogonga, utapiga tu. Kadi unayoletewa na posta usiidhanie kuwa kama kadi ya mpiga kura ya nyumbani. Ni taarifa tu, unaweza kwenda bila hiyo. Cha lazima, kuanzia uchaguzi mkuu wa 2024, ni kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda inakubaliwa, hata iliyoisha muda, mradi sura bado ni yako. Kitambulisho cha chuo hakikubaliwi, lakini kadi ya basi ya mzee inakubaliwa. Usiye na chochote, omba cheti cha mpiga kura mapema, ni bure.

Mlangoni nilikuta mama mwenye ua la kitambaa chekundu kifuani akiniomba namba yangu ya mpiga kura. Nikadhani ni afisa, nikaanza kupekua mfuko. Kumbe ni mtu wa chama, anahesabu nani ameshafika ili jioni wakawaamshe waliobaki. Si lazima umjibu. Ndani hakuna wino wa kidole, hakuna askari mwenye bunduki. Kuna kalamu ya risasi iliyofungwa kwa kamba, na unaweka alama ya X. Niliuliza kama naweza kutumia kalamu yangu ya wino, maana ya risasi inafutika na mimi nimekulia Temeke. Karani akatabasamu, akasema naweza.

Zamu ikikubana, omba kura ya posta, au mteue mtu unayemwamini akupigie kituoni. Mwanafunzi anaweza kuandikishwa chuoni na nyumbani, ila katika uchaguzi mkuu atapiga mara moja tu. Na ukihama, jina halihami nawe. Unaanza upya kwa anwani mpya. Mimi nimehama mara mbili tangu 2024. Mara ya pili nilijiandikisha nikiwa nimekalia sanduku la vyombo, kabla sijajua hata swichi ya jikoni iko wapi.